Gari inachemsha kwenye foleni tu, fundi anataka kufungua hedi. Nimruhusu?

Habari za kazi kaka. Naomba unisaidie maana hapa nilipo nimechanganyikiwa na hela ndo inazidi kuisha.

Nina Toyota Mark II Grand, hii ya GX110, ya mwaka 2002, injini 1G ya silinda sita VVT-i, automatiki. Ilikuwa ya marehemu baba, alipofariki mama akasema nichukue mimi maana nina watoto watatu na shule yao iko mbali. Naipenda sana hii gari kaka, ni pana, imetulia barabarani, watoto wanalala huko nyuma mpaka tunafika. Tunakaa Kimara, kazini kwangu Posta, kwa hiyo kila siku ni barabara ya Morogoro kwenda na kurudi.

Shida ilianza mwaka jana kipindi cha joto. Tukiwa kwenye foleni ya Ubungo nimewasha AC, mshale wa joto unaanza kupanda taratibu, nikizima AC unatulia, foleni ikifunguka nikasogea sogea unashuka wenyewe. Nikampelekea fundi wa mtaani ambaye alikuwa anamtengenezea baba toka zamani, akatoa thamostati akasema hii haina kazi huku kwetu, ni ya nchi za baridi. Ikawa afadhali kidogo alafu ikarudi palepale. Akasema rejeta imeziba, tukanunua mpya Kariakoo ikafungwa, bado. Akasema wota pampu, tukabadilisha, bado. Sasa ivi inachemsha hata bila AC foleni ikiwa ndefu, na maji yanapungua, kila baada ya siku chache naongeza, naweka ya bomba, yakikatika naweka ya kisima. Kuna siku ilichemsha kabisa pale Shekilango, moshi ukatoka kwenye boneti, nikapaki pembeni nikazima huku watoto wanalia.

Lakini nikienda nayo Morogoro kwa mama haina shida kabisa! Mshale uko katikati au hata chini kidogo ya katikati mpaka nafika. Asubuhi nayo inachukua muda mrefu sana mshale kunyanyuka. Na mafuta inakula kuliko zamani, hilo nimeliona wazi kwenye mfuko wangu.

Sasa fundi anasema gasketi ya hedi imeungua, anataka afungue, hedi ikaskimiwe (isawazishwe kwa mashine), niandae kama milioni moja na kitu pamoja na spea. Mume wangu anasema imetosha, gari ni ya zamani, tuiuze hivyohivyo tuongezee tuchukue IST. Mimi sitaki ila sina cha kumjibu. Alafu kuna jambo lingine dogo, siku ya kufunga rejeta kuna plastiki moja kubwa nyeusi, ina tundu kubwa la duara katikati, iligoma kukaa, fundi akasema haina umuhimu, iko kwenye buti mpaka leo. Niitupe?

Nifanyeje kaka, nimruhusu afungue hedi? Na gari ya umri huu inatunzwaje, au ndo imefika mwisho?

Mama wa watatu, Kimara

JIBU

Dada yangu, pole sana kwa ya Shekilango na pole kwa kumpoteza mzee.

Nianze na la haraka. Usimruhusu mtu yeyote kufungua hedi, yani kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku na gasketi katikati yao, kabla haijapimwa, na hiyo plastiki usiitupe! Iangalie vizuri kama haijapasuka maana naamini sehemu kubwa ya tatizo lako iko humo kwenye buti.

Barua yako umeiandika vizuri mno kwa sababu umesema gari inachemshia wapi na wapi haichemshi, na hicho ndo kitu cha kwanza ambacho fundi alitakiwa akuulize kabla hajashika spana. Gari inayochemsha imesimama na kupoa ikitembea shida yake kwa kawaida ni upepo. Ukiwa unaenda Morogoro upepo unaingia wenyewe kupitia mbele, feni inakuwa haina kazi kubwa, lakini ukisimama Ubungo feni ndo kila kitu. Ingekuwa rejeta imeziba au pampu imechoka ungeteseka zaidi safarini, maana hapo umekanyaga mafuta, injini inatoa joto jingi na maji yanatakiwa yazunguke kwa wingi. Wewe safarini uko salama kabisa. Kwa hiyo ile rejeta ya zamani na ile pampu ya zamani inawezekana zilikuwa nzima, na inaniuma kwa sababu hiyo ni ada ya mtoto imeenda bure.

Sasa kwenye GX110 feni kubwa haizungushwi na umeme, inazungushwa na mkanda mbele ya injini, na katikati yake kuna kidude cha duara chenye mapezi mapezi, mafundi wanaita kaplingi ya feni au viskasi. Ndani yake kuna mafuta ya silikoni mazito. Injini ikiwa baridi inaiachia feni izunguke kivivu, upepo unaotoka kwenye rejeta ukishakuwa wa moto kuna springi ndogo usoni mwake inajikunja, inafungua njia, silikoni inasambaa na kuishika feni kwa nguvu, hapo ndo unasikia ule mvumo mzito. Gari ina zaidi ya miaka 20, silikoni inavuja pole pole, sili zinakauka, feni inaendelea kuzunguka lakini haina nguvu ya kuvuta upepo. Hapa ndo mafundi wengi wanapopitiwa, anafungua boneti anaona feni inazunguka anasema feni nzima twende kwingine.

Kupima haina gharama. Asubuhi injini ikiwa baridi na imezimwa, funguo uwe nayo mfukoni, shika panga la feni ulizungushe kwa mkono. Linatakiwa liwe zito kiasi na ukiachia lisimame karibu hapohapo. Likizunguka huru lenyewe jua kaplingi imekwisha. Alafu chukua tochi umulike katikati ya hiyo kaplingi, ukiona mafuta meusi yameshikana na vumbi, yametapakaa kutoka katikati kuelekea pembeni, imevuja. Kuna ya tatu, mtu aendeshe gari mpaka ipate moto vizuri, alafu ikiwa imesimama akanyage mafuta kidogo, wewe simama pembeni usikilize, mtandio na mikono iwe mbali kabisa na feni, kama hakuna mvumo wowote na mshale unapanda basi umeshapata mchawi wako. Toyota wanauza silikoni yake kwenye tyubu ndogo na fundi anayejua anaweza kuongeza, ila kama beringi inacheza au sili imekufa badilisha kaplingi nzima. Ukichukua used ya Japani fanya jaribio lilelile la mkono palepale dukani kabla hujalipa, muuzaji akikataa ondoka.

Tuje kwenye plastiki yako. Hilo ni kava la feni. Kazi yake ni kuilazimisha feni ivute upepo kupitia rejeta yote, sio kuzungusha hewa ileile ya moto humo ndani ya boneti. Bila kava feni inavuta kwa urahisi kutoka pembeni na sehemu kubwa ya rejeta inabaki haipati upepo, ndo maana baada ya rejeta mpya ukaanza kuchemsha hata bila AC, wakati mwanzo ilikuwa na AC tu. Umeona ulivyonieleza mwenyewe? Iligoma kukaa kwa sababu hiyo rejeta uliyouziwa sehemu zake za kufungia sio za gari yako. Kama fundi wako wa zamani bado ana rejeta yako ya kwanza ichukue ikapimwe, kama haivuji na maji yanapita vizuri rudishia hiyohiyo na kava lake. Kama imeshatupwa, mtu wa kuchomelea atengeneze vishikizo imara kava likae sawasawa, na mapanga ya feni yazunguke katikati bila kugusa popote.

Wakiwa hapo waoshe kati ya kondensa ya AC (ile kama rejeta nyingine iliyo mbele) na rejeta. Hapo katikati huwa panajaa vumbi, majani na vipande vya mifuko, na kwa juu huoni kitu. Maji ya presha ndogo, wasipinde yale mapezi. Na kama yako ina feni ndogo ya umeme kwa ajili ya AC, washa AC uone kama inazunguka.

Thamostati irudi, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Hapa naomba niseme kwa nguvu maana hii tabia imeua injini nyingi sana hapa nchini. Joto la Dar ni nyuzi 30 na kitu, injini inataka maji yake yawe nyuzi 80 na zaidi, kwa hiyo hata Dar kwa injini ni baridi, hoja ya nchi za baridi haina mashiko. Thamostati ya gari kama hii inaanza kufungua kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, asubuhi mshale haunyanyuki, kompyuta inadhani injini bado ni ya baridi inaendelea kumwaga mafuta mengi, na ndo hilo unaloliona kwenye mfuko wako. Oili nayo haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, inaharibika mapema. Na kuna kitu wengi hawakijui, thamostati za Toyota nyingi zina sahani ya pili upande wa ndani ambayo injini ikipata moto inaziba njia ya mkato, ukitoa kitu chote ile njia inabaki wazi na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yani umeitoa ili ipoe, kumbe kwenye foleni umeiongezea joto. Nunua mpya nzuri, kabla haijafungwa itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, washa moto, itazame: maji yakikaribia kuchemka inatakiwa iwe imefunguka waziwazi. Isipofunguka rudisha dukani. Na wakati wa kufunga, kale kavalvu kadogo kanakochezacheza kakae juu ili hewa itoke.

Maji ya kisima acha kabisa dada. Visima vingi vya Dar vina chumvi, bloku ya 1G ni ya chuma na hedi yake ni ya aluminiamu, chumvi ikiingia hapo kati inakula aluminiamu taratibu mpaka penye gasketi, na hapo sasa kweli utafungua hedi. Mfumo usafishwe mpaka maji yatoke meupe, alafu uweke kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu na maji safi ya betri nusu (yale yasiyo na chumvi, sio asidi), au ile iliyokwishachanganywa ambayo huongezi kitu. Wakishajaza wawashe hita mpaka mwisho wa joto, pua ya gari iwe juu kidogo, mfuniko wazi, injini iwake mpaka hewa iishe ndo wafunge. Hewa ikibaki ndani gari itachemsha hata kama kila kitu ni kipya.

Na mfuniko wa rejeta, hicho kitu kidogo, ndo cha kwanza kubadilisha kwa sababu bei yake ni ndogo kuliko vyote. Umeandikwa namba juu, 0.9 au 1.1, hiyo ni presha inayoshikilia, na presha hiyo ndo inafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100, yanasogea mpaka karibu na 120. Raba yake ikichoka maji yanachemka mapema, yanakimbilia kwenye kopo la akiba na hayarudi, wewe unaona maji yanapungua fundi anasema gasketi. Nunua wenye namba ileile iliyokuja na gari.

Sasa hedi. Sitakudanganya, inawezekana ile siku ya Shekilango gasketi iliguswa kweli, 1G ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja kwa hiyo hedi ni ndefu, na hedi ndefu ikipata joto kali inapinda kirahisi. Lakini inapimwa, haikisiwi. Kuna kipimo cha kimiminika cha bluu kinawekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwa inawaka, kikivuta gesi ya moshi kinageuka njano, maana yake moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Kuna pampu ya mkono ya kujaza presha kwenye mfumo, unaangalia kama inashuka na inashukia wapi, inaweza kuwa hozi tu au hata hiyo pampu mpya haikufungwa vizuri. Nyumbani mwenyewe angalia haya: asubuhi gari ikiwa ya baridi kabisa fungua mfuniko, washa, tazama kama mapovu yanakuja mfululizo bila kukoma. Chomoa dipstiki ya oili na angalia chini ya mfuniko wa oili, kama kuna rangi ya maziwa ya chai hapo kuna shida. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ambao hauishi hata injini ikipata moto, nao ni dalili, ila harufu hiyo inatoka kwenye kulanti, ukiwa na maji matupu kama sasa hivi huwezi kuisikia. Kipimo kikikataa, yani kikabaki bluu, usilipe hata shilingi ya hedi. Kikikubali, yani kikageuka njano, basi ifunguliwe, ila hedi ipimwe kwa rula ya chuma kama imepinda kabla ya kuskimu, gasketi iwe orijino, na bolti zikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu. Fundi asiye na spana ya toki asiguse hedi yako.

Mpaka haya yaishe, ukiona mshale umeacha katikati usisubiri. Geji za Toyota nyingi zimetengenezwa zikae katikati hata joto likipanda na kushuka kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo ukiuona umenyanyuka ujue tayari joto limeshazidi. Zima AC, fungua vioo, washa hita mpaka mwisho, mtaona joto na watoto lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Ukiendelea kupanda paki na uzime. Usimwagie injini maji ya baridi na usifungue mfuniko mpaka hozi ya juu uweze kuishika kwa mkono bila kuungua, mvuke wa pale umeshababua watu vibaya.

Kuhusu utunzaji wa jumla nitakwambia kile ambacho nisingelala kabla sijakijua kwenye gari hii, taimingi belti, mkanda unaofanya valvu zifunguke kwa wakati sahihi na pistoni. 1G inatumia mkanda, sio cheni, na unabadilishwa kila kilomita 100,000. Kwenye hii ya VVT-i ukikatika valvu zinaweza kugongana na pistoni na hapo hiyo milioni ya hedi utaiona ndogo. Fungua boneti utafute stika ya Kijapani, huwa wanaandika kilomita na tarehe ya kubadilisha mkanda, wao wanahesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao, mwaka wa 14 ni 2002, wa 18 ni 2006. Kama hakuna stika na hakuna anayekumbuka mzee aliubadilisha lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Wakifungua huko mbele waangalie na oili sili zote. Hii ndo kazi ya kuwekea hela, kabla ya tairi za kupendeza na kabla ya rangi.

Oili ya injini weka 5W-30 au 10W-30, usikubali kuambiwa gari ya zamani inataka oili nzito ya 20W-50, VVT-i, mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, inafanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye njia nyembamba sana. Giaboksi ina dipstiki yake, imeandikwa aina ya mafuta inayotaka, soma uwape hiyohiyo. Bushi, boljointi na shokapu mtabadilisha kadiri zinavyoanza kulia, hizo hazikushtukizi. Hozi za maji zibonyeze zikiwa za baridi, ikiwa ngumu kama mti au imevimba karibu na klipu, nje.

Na shemeji. Ana hoja kwenye mafuta, IST ya 1300 au 1500 itakula kidogo kuliko silinda sita ya 2000, hilo usibishane naye. Lakini mwambie mambo mawili. IST zile za kwanza zilizojaa mjini zilitengenezwa 2002 mpaka 2007, kwa hiyo anataka kutoka kwenye gari ya zamani kwenda kwenye gari ya zamani nyingine ambayo hajui aliyeitumia aliitunzaje, na akisema aagize kutoka Japani, gari iliyozidi miaka 10 inaongezewa ushuru wa asilimia 30 kwa sababu ya umri tu, juu ya kodi nyingine zote. La pili, mkiuza sasa inachemsha, mnunuzi atakata bei ya injini nzima kwa tatizo ambalo huenda ni kaplingi na kava. Itengenezeni kwanza, alafu hata mkiamua kuuza mtauza gari nzima kwa bei ya gari nzima. Binafsi mwili ukiwa haujaoza na giaboksi inabadilisha vizuri, nisingeiuza.

Kwa hiyo wiki hii ni mfuniko, jaribio la feni kwa mkono, kava lirudi, thamostati irudi, kulanti, na kipimo cha bluu, vyote hivyo kwa pamoja havifiki hata karibu na hiyo milioni, labda kaplingi ndo itakugharimu kidogo. Fundi wa mzee usimkimbie kama ni mwaminifu, mpelekee haya mkae naye mfanye pamoja. Kipimo kikishafanyika niandikie rangi uliyoiona kwa macho yako, bluu au njano, kabla hujamkabidhi mtu hela ya hedi.